Mita Tisini na Ng'ombe

Nchi yetu ina kadastri mbili, na hazisalimiani. Ya kwanza ni ya ardhi: hiyo inaijua parseli yangu, inajua namba yake, inajua mpaka wangu na jirani unapita kwenye mwembe upi, na inajua kuliko yote siku ya kulipia. Ya pili ni ya madini, makao yake Kinshasa, nayo haina habari na mwembe wala jirani. Imeikata Congo nzima vipande vya mraba, kila kimoja karibu hekta 85, na katika kipande kimoja unaingia mtaa mzima, shule, soko, makanisa, na mimi na Mama Watoto tukiwa tumelala. Kwa ile ya kwanza mimi ni mwenye parseli. Kwa ile ya pili mimi ni udongo wa juu, ule unaoondolewa kwanza ili mali ionekane.

Ninakaa Kapata, nje ya mji wa Kolwezi, katika nyumba ya kampuni. Tunaendelea kuiita hivyo ingawa kampuni haijailetea hata msumari tangu nikiwa na nywele kichwani. Kolwezi yenyewe ni mtoto wa kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliuanzisha mji huu mwaka 1937, ikawapanga watu kwa cheo: mabwana kwenye vivuli vya miti, makarani pembeni, na watu wa shimoni kwenye safu za nyumba zinazofanana hivi kwamba mlevi akirudi usiku lazima ahesabu milango. Mwaka 1967 Serikali ikachukua mali, Gécamines ikazaliwa, na watu wakawa wanasema Gécamines ndiyo baba, ndiyo mama. Wazee wanasimulia kuwa balbu ikiungua ulikuwa unakwenda kuripoti, na fundi anakuja na ngazi. Mkaguzi naye alipita kuangalia uwanja, na akikuta nyasi ndefu unatafutwa. Hapo ndipo palipokuwa na uhifadhi wa majengo, ndugu zangu. Kisha yule baba akaugua. Mwaka 2003, kwa pesa za Benki ya Dunia, mpango wa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari ukaanza, wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wakaenda zao, na sisi tuliobaki na kuta tukawa wahifadhi wasio na mshahara.

Mimi sikutaka makuu. Nilitaka kulitoa jiko nje. Umeme wetu huja unapotaka wenyewe, kwa hiyo Mama Watoto anapikia makala, na moshi wa makala ndani ya nyumba ya vyumba viwili hauchagui mwenye kosa. Nikaenda kuomba kibali katika ofisi moja ambayo siitaji, maana bado nina shida nao. Kijana aliyekuwa nyuma ya meza akafungua ramani ya kartié, iliyochanika palepale penye nyumba yangu. Akaitazama kwa muda, akaniambia:

"Papa, jiko lako litavuka mstari wa ujenzi."

"Mstari gani?"

"Uliopangwa."

"Na nani?"

Akanijibu kwa heshima kabisa kwamba msingi wa mambo hayo ni dekreti ya mipango miji ya tarehe 20 Juni 1957. Ndiyo, 1957. Mbelgiji aliondoka 1960 na kila alichoweza kubeba, ila ule mstari ameniachia mimi. Tena, akasema yule kijana, nyumba hizi ni za mpango mmoja, si vizuri kila mtu kuharibu sura yake. Sura! Bati langu limeshikwa na mawe sita na imani. Kulia kwangu kuna baa yenye spika mbili. Kushoto kuna kanisa lenye spika nne. Nyuma yangu kuna depo ya kununulia mawe ya wachimbaji, malori yanarudi kinyumenyume usiku kucha yakipiga kengele. Nilipouliza hao je, niliambiwa hawakuvuka mstari. Ni kweli, hawakuuvuka. Wameukalia.

Walau mistari ya zamani ilikuwa na maelezo. Kule Lubumbashi, uliozaliwa 1910 ukiitwa Elisabethville, wakoloni waliuacha uwanja mtupu wa mita mia kadhaa kati ya mji wa Wazungu na cité ya Waafrika, na sababu waliyoitoa ni mbu. Walisema mbu wa malaria akishamnyonya Mwafrika hawezi kuruka umbali wote huo hadi kwa Mzungu. Mji mzima ukachorwa kwa kutegemea uchovu wa mbu. Hapa Kapata walituweka mbali zaidi: mbu wa kwetu akitaka kwenda mjini lazima apande manseba, teksi ya pikipiki, na akifika watabishana bei.

Habari za miji inayolindwa nilizipata kwa dereva wa lori kutoka Dar es Salaam, mmoja wa wale wanaokuja kupakia shaba yetu na kukaa kwenye foleni hadi wanaota ndevu. Huyu ana mke Zanzibar. Akanieleza kuwa Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, na kwamba UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000.

"Kule, mzee wangu, huwezi kuamka tu ukaweka dirisha la alumini. Utaitwa ujieleze."

Sikuwahi kuona wivu wa namna ile. Kuna mahali duniani Serikali inauliza habari za dirisha! Nikamsihi aendelee. Akaniambia jinsi wenye hoteli wanavyogombania kuongeza ghorofa ili mtalii aione bahari, na jinsi wenyeji wanavyonung'unika kuwa kupata kibali cha kuziba ufa ni kazi kuliko kuishi na ufa wenyewe. Hapo nikaanza kumtambua kijana wangu wa ramani, amevaa kofia ya kiua. Kisha akanitajia Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katikati ya kukarabatiwa, na watu wawili wakafa. Wivu ukapungua. Ila tofauti moja bado inanisumbua. Mgeni wa Zanzibar anakuja kupiga picha mlango. Mgeni wa Kolwezi hata hauoni mlango: anaingia, anasalimia, macho yako kwenye sakafu.

(Na sisi tuliwahi kuwa maarufu, msituone hivi. Mei 1978 askari wa Legion ya Ufaransa walishuka kwa miamvuli juu ya Kolwezi, vita ile ikatangazwa dunia nzima, na Wafaransa wakaitengenezea sinema. Wakaenda kuipiga Guyane, ng'ambo ya Atlantiki. Yaani siku nyumba zetu zilipopata nafasi ya kuonekana, kazi wakapewa nyumba za watu wengine.)

Turudi kwenye sakafu. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo hapahapa Kolwezi, mtu alikuwa anachimba kwenye parseli yake akakutana na heterojeniti, lile jiwe lenye kobalti. Habari ilifika mwisho wa mtaa kabla yeye hajafuta jasho. Watu wakachimba uani, wakachimba jikoni, wakachimba chumbani, na kukawa na nyumba ambamo godoro liko upande huu na mdomo wa shimo uko upande ule. Mashimo yaliwafukia baadhi yao, hilo silifanyii mzaha. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyekwenda kuwauliza kuhusu mstari wa ujenzi. Mwaka 2017 serikali ya mkoa iliwahamisha watu wa sehemu ya Kasulo, ukuta ukazungushwa, na mnunuzi wa mawe ndani ya ukuta akawa Congo Dongfang Mining, tawi la Huayou ya China. Katika maisha yangu sijaona uamuzi wa mipango miji uliotekelezwa kwa kasi ile. Jiko langu lingepewa robo tu ya ile kasi, sasa hivi tungekuwa tunakula.

Na mjini kwenyewe, mgodi wa Commus, ambao ni wa Zijin ya China pamoja na Gécamines, umekuwa ukipanuka kuelekea mtaa wa Cité Gécamines. Septemba 2023 Amnesty International na shirika la hapa kwetu, IBGDH, walitoa ripoti: familia zimehamishwa, na waliohojiwa wakasema fidia haitoshi kununua nyumba kama ile waliyoiacha, yenye maji na umeme. Angalieni mambo yalivyogeuka. Mtaa uliojengwa kwa ajili ya mgodi, sasa mgodi unaukuta umekaa njiani.

Kwa hiyo msinicheke kwa kumchungulia jirani yangu wa nyuma ya mwembe. Ameanza kuchimba choo. Namheshimu, ni mtu wa watu, tunazikana. Lakini choo cha familia ya watu watano hakihitaji kamba ya mita ishirini na taa ya kichwani. Nilipomuuliza aliniambia anataka kitu cha kudumu.

Wokovu, au kitu kilichofanana nao, uliletwa na mpwa wangu anayesoma sheria Lubumbashi. Alikuja likizo na Sheria ya Madini, ile ya 2002 iliyorekebishwa 2018, akatusomea kifungu cha 279 tukiwa tunakula bukari. Kifungu kile kizuri kama hadithi. Kinaorodhesha mahali ambapo mwenye leseni ya madini hawezi kukaa hivihivi: ardhi ya makaburi, mahali penye mnara wa taifa au mabaki ya kale, uwanja wa ndege, mita 90 kutoka mpaka wa kijiji, cité au mji, mita 180 kutoka kwenye nyumba, hata kama nyumba haina mtu. Hapo nikapiga meza, maana nikienda Likasi kwenye matanga nyumba yangu bado inahesabiwa. Mita 45 kutoka kwenye shamba lililolimwa. Na mita 90 kutoka kwenye ferme (shamba la mifugo) yenye ng'ombe, au bwawa, au akiba ya maji ya mtu binafsi.

Mama Watoto akaacha tonge hewani.

"Akiba ya maji? Na pipa letu lile ni nini?"

Tukatazamana. Kama ni akiba ya maji ya mtu binafsi, Kapata yote imelindwa tangu bomba zilipoanza kukauka. Hakuna uwanja usio na pipa. Ukichora duara la mita 90 kuzunguka kila pipa, hapabaki pa kusimika hata sururu. Mpwa wangu akatushusha taratibu: lazima kwanza iwe ferme. Nikamuuliza ferme inaanzia na ng'ombe wangapi. Akapekua, akasema sheria haijataja idadi.

Niwaonye lakini, kila mstari wa kifungu kile unaanza na maneno ya kuweka mlango wazi. Makaburi na minara ya taifa: isipokuwa mamlaka husika zikikubali. Nyumba, shamba na ng'ombe: isipokuwa mwenye mali au mkaaji halali akikubali. Ukiwa mnara, basi, Serikali inaweza kukubali kwa niaba yako. Ukiwa ng'ombe, lazima wamuulize mwenye ng'ombe. Nilikuwa nimekwisha kuandika nusu ya barua ya kuomba nyumba yangu iandikwe kama urithi kwa ile sheria ya 1971 ya kulinda mali za utamaduni, nikieleza mambo makubwa yaliyotokea humu (marehemu baba alisikilizia humu redio siku ya uhuru wa nchi, na bado tunayo ile redio). Barua nimeichana. Sitaki kuwa mnara.

Mpwa akaongeza kwamba neno la hatari ni lile "halali". Tangu sheria ya ardhi ya 1973 ardhi yote ni ya Serikali, sisi tunapewa haki ya kuikalia, na haki hiyo inaonyeshwa kwa karatasi. Karatasi yangu ni ile aliyoachiwa baba na kampuni, iko katika kopo la biskuti, na panya wamekwisha kuisoma kuanzia aya ya pili. Zaidi ya hapo kuna kunyang'anywa kwa faida ya umma, na umma ukitajwa mimi sijawahi kuwa mmoja wao.

Tumekubaliana tununue ng'ombe. Nimetafuta mmoja mpole, si wa maziwa, wa kusimama tu. Jirani mwenye choo cha kudumu alipopata habari alikuja akiwa na vumbi hadi kwenye kope, akaniuliza kwa upole kama mita 90 zinapimwa kuanzia kwenye pembe au kwenye mkia. Nikamwambia kuanzia pale ng'ombe atakapokuwa amesimama siku hiyo. Akaondoka akihesabu hatua.

Mama Watoto ndiye aliyeuliza ng'ombe atalala wapi.

"Tutamjengea banda."

Mpwa akakohoa. Banda ni jengo, akasema, na jengo linataka kibali, na banda likikaa uani litavuka mstari wa ujenzi. Nilimwona yule kijana akiifungua ramani yake iliyochanika. Nimefikiri usiku kucha, spika za baa zikinisaidia, na asubuhi nikaenda kuongea na mwenye baa, maana yeye amekaa juu ya mstari miaka yote na hajaulizwa neno. Amekubali ng'ombe alale kwake, nyuma ya makreti, kwa dola kumi kwa mwezi. Sharti lake ni kwamba asipige kelele usiku, asije akawasumbua wateja.