Yeye Kuchoma, Mimi Mengineyo

"Shemeji, leo umekula raha! Umepumzika kabisa, mume kashika jiko." Haya niliambiwa Jumamosi na rafiki wa mume wangu, mfupa wa mbavu mkononi, mbele ya wageni wote. Wakapiga makofi. Si ya kwangu, ya mchomaji. Mimi nilikuwa nimesimama na sahani ya ndizi, vidole vimeganda utomvu mweusi usiosikia sabuni, na nikacheka nao. Ningefanyaje? Wageni ni wageni.

Mgawanyo wa kazi kwetu ni rahisi: yeye anachoma, mimi nashughulikia mengineyo, kama ile ajenda ya mwisho ya kikao ambayo ndiyo hula mchana mzima. Mengineyo ni kuwahi bucha kabla mguu wa nyuma haujachukuliwa na kubishana na muuzaji anayetaka kukuongezea mifupa. Ni ndizi, ni kachumbari, ni pilipili, ni viti vya kuazima. Yeye alivaa aproni, akashika kipepeo, wanaume wakamzunguka. "Geuza!" "Usigeuze, acha ikauke kwanza!" Katikati ya mashauri hayo sauti ilikuwa ikipaa hadi jikoni: "Mama, chumvi! Mama, sinia! Mama, koleo liko wapi?" Koleo lilikuwa mfukoni mwa aproni.

Kilichonichoma hasa ni zile sifa za ulaini. "Kaka, una mkono! Nyama inajiachia yenyewe." Mkono gani? Lile lilikuwa papai. Papai bichi ukilichanja linatoa utomvu mweupe, na ndani yake mna kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho kazi yake ni kukatakata protini. Unalikuna na ganda lake, unapaka nyama, nacho kinaanza kuzishughulikia zile nyuzi ngumu za mbuzi. Uhondo wenyewe ni huu: nyama ikiwa baridi kinajivuta tu. Kinachangamka inapopata joto, hasa kwenye nyuzi 60 na kitu za Selsiasi, kisha moto ukizidi kinaharibika, basi. Yaani wakati bwana mkubwa anapepea na kupokea pongezi, fundi halisi alikuwa humohumo ndani ya nyama anamalizia kazi, halafu akafa bila hata kutajwa. Na fundi huyo ana masharti. Akikaa muda mrefu, nyama inakuwa tepetepe kwa nje, huna cha kutafuna. Kwa hiyo jicho langu moja lilikuwa kwenye saa, jingine linatokwa machozi ya vitunguu nilivyokuwa naviosha kwa maji ya chumvi vipunguze ukali. Papai lenyewe nililiomba kwa jirani, nikaliangua kwa mti mrefu, juani.

Sikatai, kuchoma nako kuna ujuzi. Kusubiri mkaa ushike jivu jeupe wakati watu wana njaa kunataka moyo. Lakini mimi napika mwaka mzima, na maharage yangu hayajawahi kupigiwa makofi. Hakuna mgeni aliyewahi kumwambia mume wangu, "Shemeji leo kashika jiko, wewe umekula raha," ingawa hiyo ndiyo hali yake kila siku ya Mungu. Mwanaume akigusa moto mara moja kwa mwezi, mtaa mzima unapata habari kwa moshi. Hapo sicheki.

Jumapili wavu ulishinda kwenye beseni na mafuta yake yaliyoganda, mchomaji kalala kwa sababu moto ulimchosha.

Jumatatu jirani alikuja kuhesabu viti vyake, kimoja hakipo.

Jana bwana kaingia na wavu mpya, mpana kuliko wa kwanza, na habari kwamba ameshawaalika watu wa kazini kwake mwisho wa mwezi, maana wamesikia ana mkono. Nimempongeza. Mbuzi nitakwenda kumchagua mwenyewe: beberu mzee, mwenye ndevu. Na papai la jirani liachwe liive.