Sifa za Doa la Ukutani

Washairi wamekwisha kuusifu mwezi, jahazi na macho ya wapenzi wao, na wasemaji wa mikutanoni hawachoki kuusifu Mlima Kilimanjaro kwa theluji yake. Lakini sijapata kusikia mtu akisimama hadharani kulisifu doa la ukuta wa nyumba kuukuu, ilhali katika nyumba ziuzwazo kati ya migomba na mibuni ya Marangu, mteremkoni mwa mlima huo, hakuna amfadhiliye mnunuzi kwa ikhlasi kama doa hilo, wala hakuna alipwaye dharau kama lilipwavyo.

Nasaba yake ni tukufu. Mama yake ni mvua ya masika, baba yake ni udongo mwekundu wa volkano, nalo lilizaliwa chini ya paa la bati lisilo na gata, mahali ambapo kila tone liangukapo hurusha tope ukutani, mpaka nyumba nzima ikavaa mshipi wa rangi ya kahawia.

Tena, iangalieni hali ya mnunuzi. Kihamba, yaani shamba la migomba lizungukalo nyumba, ni mali ya ukoo, na siku ya mapatano mashahidi waliojaa barazani ni ami, shangazi na shemeji wa muuzaji. Dalali anangojea ujira wake. Na fundi aliyeitwa kutoa rai ndiye yule yule aliyepiga lipu ya nyumba hiyo. Katika majilisi kama hayo, doa peke yake ndilo lisilo na udugu na mtu, wala halina fungu katika bei. Muuzaji hulijua sana hilo, na ndiyo sababu mkungu wa ndizi na magunia matupu huegemezwa kwa taadhima kubwa mahali pamoja tu pa ukuta, ambapo mwenye busara atapatazama kwanza.

Elimu yake ya falaki ni ya kustaajabisha. Marangu iko nyuzi 3 na ushei kusini ya Ikweta. Kwa hiyo, tangu katikati ya Machi hata mwanzo wa Oktoba, jua la adhuhuri huegemea kaskazini, na ukuta wa kusini hupitisha masika na baridi ya Julai pasipo kuota jua. Ukuta huo ukivaa kanzu ya kuvu, nyeusi au kijani, doa linatoa habari ya hali ya hewa tu, na brashi moja yatosha kuwa jibu. Lakini kuvu iyo hiyo ikidhihiri upande wa kaskazini, upigwao na jua na uelekeao juu mlimani, hukumu hugeuka: maji yaliyoilea hayakutoka mawinguni bali ardhini, na yamkini mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, upitao juu ya shamba unavujia msingi. Hapo hutokea pia unga mweupe wa chumvi, ulioachwa na maji yaliyopanda ukutani yakakauka, aghalabu hadi kiasi cha mita 1 kutoka chini. Chumvi hiyo hupanguswa kwa brashi kavu. Aioshaye kwa maji huirudisha ndani ya ukuta ilikotoka.

Kwa kutu, doa huwa kali zaidi. Michirizi iteremkayo kutoka ukingo wa bati si msiba. Ni bati linalozeeka. Lakini alama ya kutu ichomozayo katikati ya nguzo au juu ya dirisha, pasipo bati karibu, ni nondo iliyomo ndani ya zege, na chuma kikiliwa na kutu hutanuka, kikalipasua zege lililokikumbatia. Kwa habari kama hiyo mhandisi angedai ada.

Na lina uhodari wa mwanahistoria. Ukiona chini ya dirisha la ghala rangi ya samawati isiyofutika, huo ni mrututu uliochanganywa na chokaa kwa kunyunyizia mibuni dhidi ya kutu ya majani. Basi ujue umesimama katika nyumba iliyokula na kusomesha kwa kahawa, pengine iliyojengwa bei ilipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati KNCU, chama cha ushirika kilichoasisiwa mwaka 1933, kilipokuwa katika fahari yake. Doa hilo mimi nisingelifuta.

Halijui yote, nakiri: habari za mchwa waliomo katika makenchi halina, na mipaka ya kihamba yaulizwe masale yapandwayo mpakani.

Hasimu yake ni rangi mpya. Nyumba iliyopakwa juma lile lile la kuuzwa imezibwa kinywa, walakini si kwa muda mrefu, kwa kuwa unyevu uliokuwa ukipumua kupitia chokaa, ukikomewa na rangi ya mafuta, huivimbisha malengelenge. Ndiyo maana dalali hukualika kutazama nyumba Februari, kabla ya masika, nami nakusihi uende Aprili, mwezi ambao doa huwa katika ufasaha wake kamili.

Na malipo yake ni nini? Mnunuzi aliyepunguziwa bei kwa ushahidi wake, akiisha kukabidhiwa funguo, humwita mpaka rangi kabla hajahamisha hata kitanda. Haya, na amwite. Ila atangulie kufunga gata, kisha auzibe mfongo.