Kuiweka OpenBSD Kwenye Bodi Isiyo na Skrini: Mwongozo kwa Wenye Haraka

Anza na watu, waya zitafuata. Bodi ndogo ya ruta hukaa kimya hata wiki nzima bila kununa, lakini mtoto aliyekatikiwa na katuni hakai. Chagua saa ambayo nyumbani hakuna kazi ya chuo ya kutuma, hakuna mpira wa kutazama, na hakuna shangazi anayepiga simu ya video kutoka Muscat. Halafu iache ruta ya kampuni ya intaneti ifanye kazi kama kawaida mpaka mpya ithibitike. Mwenye haraka huing'oa ya zamani kwanza, ndipo akumbuke kwamba maelezo ya kuweka mpya yako mtandaoni.

Bodi tutakayoitumia ni APU2 ya PC Engines, kampuni ya Uswisi. Ni kipande cha mraba chenye sentimita 15 hivi kila upande, prosesa ya AMD GX-412TC yenye viini vinne vya gigahezi 1, kumbukumbu ya GB 2 au 4, na matundu ya mtandao ya Intel, mawili au matatu kutegemea toleo. Uzalishaji wake umekoma, ila zilizotumika bado zinauzwa, na kwa nyumba au ofisi ndogo ni mashine ya kutosha kabisa. Haina feni: joto la prosesa hupitia kwenye bamba la alumini hadi kwenye kasha lenyewe. Kwa hiyo ukiifunga mwenyewe, bandua karatasi za plastiki kwenye vibandiko vya kupitishia joto, na usiifunike kwa kitambaa cha kufuma kilichotoka juu ya televisheni. Kasha kuwa na joto maana yake linafanya kazi yake.

Kwa nini ujitaabishe wakati ruta ya kampuni ipo? Kwa sababu kila kinachoingia na kutoka nyumbani kwako hupita hapo: benki, barua, picha za watoto, mazungumzo na daktari. Mimi naona si sawa mlango wa namna hiyo ulindwe na programu usiyoweza kuisoma wala kujua mara ya mwisho iliwekwa viraka lini. OpenBSD ilianzishwa mwaka 1995 na Theo de Raadt, mzaliwa wa Pretoria aliyekulia Kanada. Chanzo chake chote kiko wazi, na kurasa zake za maelezo huja ndani ya mfumo wenyewe, zimeandikwa kwa uangalifu kiasi kwamba umeme wa mnara ukikatika bado una mwalimu chumbani. Andika man ukifuatisha jina la amri, usome.

Sasa tuje kwenye kebo, maana hapa ndipo wenye haraka huishia. APU2 haina tundu la skrini. Usilitafute nyuma, wala usimlaumu muuzaji. Mazungumzo yote hupitia tundu la konsoli lenye pini 9, teknolojia ya zamani kuliko wengi wanaoitumia leo. Unahitaji kebo yenye vichwa vya kike pande zote mbili na ambayo nyaya zake zimepishana, yaani pini ya 2 ya upande mmoja inakwenda kwenye pini ya 3 ya upande wa pili, na ya 3 inakwenda kwenye ya 2. Kebo iliyonyooka itaingia vizuri, itakaza vizuri, na haitapitisha herufi hata moja, kwa kuwa mashine zote mbili zitakuwa zinasemea kwenye waya mmoja na kusikiliza kwenye waya mmoja. Ukiwa na kipima umeme, pima kabla ya kulipa. Kwa kuwa kompyuta za mkononi za sasa hazina tundu hilo, nunua pia adapta ya USB. Zenye chipu ya FTDI au Prolific zinafaa, lakini chipu bandia ni nyingi, na draiva ya Prolific kwenye Windows huzikataa.

Ukishaunganisha, fungua programu ya konsoli: PuTTY kwa wa Windows, screen au cu kwa wengine. Weka mwendo wa 115200, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimamia. Kisha chomeka umeme wa volti 12 kwa mpangilio huu: kichwa cha waya kwenye bodi kwanza, halafu adapta ukutani, ili cheche isirukie tundu la bodi. Watu wa sola wataifurahia volti 12 hiyo, lakini wasiifunge moja kwa moja kwenye betri inayochajiwa; waweke kidhibiti kinachotoa volti 12 zisizopanda wala kushuka.

Ukiona herufi za ajabuajabu, mwendo umekosewa. Usipoona kitu, ni kebo. Karibu kila mara ni moja kati ya hayo mawili, na ninaomba uyaamini kabla hujaitangaza bodi kuwa imekufa.

Kwenye kompyuta yako, pakua faili ya install ya amd64 inayoishia na .img, linganisha alama yake ya SHA256 na ile iliyochapishwa na mradi, kisha iandike kwenye fleshi kwa dd. Amri hiyo haiulizi mara mbili. Ukiielekeza kwenye diski yenye picha za harusi itaandika juu ya picha za harusi. Chomeka fleshi kwenye bodi, washa, bonyeza F10 orodha ikitajwa, uchague fleshi.

Yatatokea maneno boot> na una sekunde 5 tu. Gusa kitufe chochote kusimamisha saa, kisha andika mistari hii miwili:

stty com0 115200
set tty com0

Bonyeza Enter tena mfumo uanze kupanda. Usipoandika mistari hiyo, kerneli itaamka salama na kuanza kuzungumza na skrini ambayo haipo, nawe utabaki unatazama kimya kirefu. Watu wameirudisha bodi dukani kwa sababu ya kimya hicho, nayo ilikuwa nzima, imewaka, inasubiri kujibiwa.

Kinachofuata ni maswali, na mengi jibu lake ni Enter. Jina la mashine, lipe la heshima. Nenosiri la root liwe refu. Fungua mtumiaji wa kawaida, na ukatae root kuingia kwa ssh. Mfumo wa madirisha, kataa. Ukiulizwa kuhusu konsoli ya com0, kubali kwa mwendo uleule wa 115200, maana jibu hilo huandikwa kwenye boot.conf na kukuondolea kazi ya kuchapa ile mistari kila siku. Saa za eneo, andika Africa/Nairobi au Africa/Dar_es_Salaam. Saa ni ileile. Swali la diski ndilo la kusimama: bonyeza alama ya kuuliza, tazama ukubwa, na hakikisha unachagua mSATA ya ndani na si fleshi uliyowashia. Kwenye mafungu ya faili waweza kuacha michezo na yale yote yanayoanza na x. Baada ya hapo mfumo wenyewe utakupongeza. Pongezi hizo zipokee, kisha uchomoe fleshi na uwashe upya.

Bado hujawa na ruta. Ndani ya /etc/sysctl.conf andika net.inet.ip.forwarding=1, vinginevyo pakiti hazitavuka. Kisanduku cha fiba cha kampuni kibaki mahali pake. Em0 itaungana nacho, na faili ya hostname.em0 itoshe kwa maneno inet autoconf, isipokuwa kampuni inatumia PPPoE, ambapo utahitaji jina na nenosiri lao. Kwa em1 weka anwani ya ndani, kwa mfano inet 192.168.1.1 255.255.255.0. Washa dhcpd kugawa anwani na unbound kujibu majina, zote zimo tayari, ila usisahau kuandika faili zao za mipangilio. Wi-Fi iachie ruta ya zamani: zima ugawaji wake wa anwani, ipe anwani isiyogongana na 192.168.1.1, na uiunganishe na em1 kwa tundu lake la ndani.

Halafu pf, kichujio cha pakiti kilichoandikwa na Mswisi Daniel Hartmeier na kutoka na OpenBSD 3.0 mwaka 2001. Nakipenda kwa kuwa kinasomeka:

set skip on lo
match out on egress inet from (em1:network) to any nat-to (egress:0)
block all
pass out inet
pass in on em1 inet

Kumbuka kanuni ya mwisho inayolingana na pakiti ndiyo inayoamua, hivyo block all ikae juu na ruhusa zifuate chini yake. Kabla ya kuiwasha, ipitishe kwa pfctl -nf /etc/pf.conf, ambayo husoma na kukosoa bila kutekeleza. Mwenye haraka huruka hatua hii akiwa ameingia kwa ssh, akajifungia nje ya nyumba yake. Kebo ya konsoli haipiti kwenye pf, kwa hiyo usiiazimishe.

Toleo jipya hutoka karibu kila miezi sita, na viraka hupewa toleo la sasa na lililotangulia tu. Endesha syspatch mara kwa mara. Toleo likitoka, nakili /etc yote kwenye kompyuta nyingine, soma ukurasa wa mabadiliko, kisha andika sysupgrade. Itapakua, itajizima na kujiwasha, na itajiweka yenyewe bila kukuuliza kitu. Fanya hivyo ukiwa chumba kimoja na bodi, kebo imechomekwa, usome kila mstari unaopita.