Mdomo Unalipiwa Kando
Anayedhani ushauri wa mazingira ni kazi ya ofisini hajasimama chini ya hema uwandani Kajiado saa saba mchana, wazee wamelaza fimbo mapajani wakimtazama, naye ameambiwa aeleze athari za godauni kwa dakika tano.

Kusema hadharani si hiari yetu. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi, tathmini kamili inapofanywa, aitishe mikutano isiyopungua mitatu na wananchi watakaoguswa, aeleze mradi wake na apokee maoni yao. Sasa mwenye mradi ni tajiri wa Nairobi, hana haja ya kuzomewa. Nani atasimama? Mtaalamu. Yaani mimi, niliyesomea udongo.

Mkutano ukiitwa saa nne, usihangaike kuwahi matatu ya alfajiri. Chifu hajafika. Akifika ni maombi, kisha itifaki. Jamani, itifaki! Atatambuliwa mzee wa nyumba kumi, mwakilishi wa akina mama, wa vijana, wa kanisa, na mwakilishi wa mheshimiwa ambaye hakuweza kufika ila ametuma salamu. Kila anayetambuliwa huinuka, na akishainuka hupewa maiki "asalimie tu". Salamu hizo nimezisikia zikizaa ilani nzima ya uchaguzi.

Zamu yangu ikifika, sufuria zimeshafunuliwa na harufu ya pilau inashindana nami. Projekta niliyoibeba haionyeshi kitu kwa mwanga huu wa mchana. Kando yangu kuna kijana wa kutafsiri kwa Kimaasai. Naeleza kwa kirefu habari ya vumbi, maji taka na kelele za mitambo. Yeye anatamka maneno mawili, basi. Nasema "Asanteni", yeye anahutubia mpaka hema zima linapasuka kicheko. Nami nacheka kwa adabu, sijui anayechekwa ni nani.

Halafu anainuka mzee mmoja, taratibu, bila karatasi wala maiki.

"Kijana yangu, huo ukuta ukisimama, ng'ombe yangu itapita wapi?"

Anakaa. Kimya.

Ripoti yangu imelizunguka swali hilo sura nzima bila kulitaja. Na ndilo swali lenyewe la hapa Kitengela, Kajiado. Mbuga ya Nairobi iliachwa bila ua upande wa kusini ili nyumbu na pundamilia watoke wakale nyasi za nyanda za Athi na Kapiti. Leo nyanda hizo zimekatwa ploti za hamsini kwa mia, kila ploti na waya wake. Juni 2012 simba sita waliuawa papa hapa Kitengela baada ya kuvamia mifugo. Mzee hahitaji grafu yangu. Mimi ndiye ninayemhitaji, maana kuhutubia hata hajafundishwa popote, na hotuba yake imenishinda.

Nikianza kumjibu, kuna sauti nyuma: "Daktari, na nauli yetu?"

Machifu wa Kajiado, nawaombeni: mzee huyo aanze, mimi nifuate, wanasiasa wasalimie baada ya pilau. Nawe mwenye mradi, bei niliyokutajia ni ya ripoti. Mdomo unalipiwa kando.