Manyoya ya Mikelenge

Wanyama wa Mikelenge, hapa Kindu, walikuwa wakikusanya manyoya. Lililotafutwa kuliko yote lilikuwa la mkia wa kasuku, maana kasuku wa misitu ya Maniema ni wa kijivu, wekundu wake uko mkiani tu. Kila jioni waliyapiga picha na kuyatuma kwenye kundi lao la WhatsApp. Aliyetamani alichokiona alivuka Lualaba kwa mtumbwi kutoka Alunguli, akaja kubadilishana.

Kima alikuwa na nyoya moja jekundu, ncha imekatika. Aliliokota mwenyewe karibu na reli, mvua ikinyesha, akalikausha kifuani. Hapa ndipo ninapomhurumia: alikuwa na kisa kizuri, akakionea haya. Akaazima manyoya sita kwa Fungo, akachovya ya jogoo mweupe katika mawese, akayapanga yote juu ya jani la mgomba. "Yote yangu," akaandika. Sifa zikamiminika.

Walioumia ni wengine. Kicheche wa Alunguli, mwenye manyoya mawili ya kweli, aliona aibu, akaacha kuyaonyesha. Wenzake wakaanza kuazima pia, hata manyoya yale yale sita ya Fungo yakawa na wenyewe wanne, kila mmoja akiapa.

Siku moja Swala akavuka na vikapu viwili vya mpunga. Kima akampa la jogoo. Pale ufukweni likamponyoka, likaanguka mtoni. Mafuta yakatanda juu ya maji, nyoya likaonyesha weupe wake. Swala akajitwika mpunga wake, akaondoka bila neno.

Kakakuona, mzee wa Pangi, alikuwa ameketi hapo.

"Mdogo wangu," alisema, "kwetu Walega, mtu wa chama chetu cha Bwami alionyesha kinyago cha cheo alichokifikia, na alijua kilitoka kwa nani. Wabelgiji waliipiga Bwami marufuku mwaka 1948. Leo vinyago vyetu vingi viko kwenye makumbusho ya Ulaya. Vinapendeza, lakini waliojua maneno yake hawako kando yake. Wewe uko hapa, una lako, na umenyamaza. Kwa nini?"

"Mzee, limekatika."

"Lilikatikia wapi?"

Kima akamsimulia mpaka giza likaingia. Usiku ule akatuma picha ya nyoya lake moja, pamoja na habari za reli na mvua, akataja na yale ya Fungo na ya jogoo. Wengi walimtukana. Kesho yake Kicheche akatuma picha ya yake mawili, na chini akaandika aliyempa na alichomlipa.