Shangazi Bando Anajibu

Barua za wiki hii zimetoka vitongoji vya magharibi mwa Nairobi, na zote zinailaumu WhatsApp. Nianze kwa kuitetea. Tangu Aprili 2016 ujumbe wenu husimbwa kutoka simu hadi simu, hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma njiani. Mvujishaji yuko karibu zaidi, na mara nyingi ndiye aliyeniandikia barua.

*Shikamoo shangazi. Mama mmoja wa chama chetu aliniambia tarakimu zake sita zimeingia kwenye simu yangu kimakosa, nimtumie. Nikamtumia. Sasa "mimi" ninakopa watu elfu tatu tatu nikidai nimelazwa. Nifanyeje?* — Mwekahazina, Kawangware

Marahaba mwanangu. Mwekahazina! Pole zangu nawapa kwanza wanachama.

Aliyekuandikia hakuwa mama wa chama. Mama wa watu alikuwa ameshaporwa akaunti kwa ujanja huo huo, na leo wewe ndiwe chambo cha kumnasa wa tatu. Tarakimu sita hutumwa kwa SMS mtu anapojaribu kuifungua WhatsApp yako kwenye simu nyingine. Hazina kazi nyingine duniani. Akikuomba pasta, mkatalie pasta.

Sasa jiandikishe upya kwa namba yako, upokee tarakimu mpya, uziingize mwenyewe. Mwizi atatupwa nje. Ikiwa ameshaweka PIN yake, huenda ukangoja siku 7. Usizingoje kimya: wapigie wanachama mmoja mmoja, kwa sauti yako, wasitume hata ndururu. Aliyekwisha kutuma kwa M-Pesa aupeleke ujumbe wa muamala kwa 456 upesi, ingawa wezi hawa hutoa pesa kabla chai haijapoa. Ukiirudisha akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili. Na kama laini yako ni ya Safaricom, piga *100*100# ili mtu asiibadilishe kwa ajenti wa mtaani akijifanya wewe. PIN ya WhatsApp isiwe tarehe yako ya kuzaliwa. Chama kizima kilikula keki yako.

*Shangazi, niliandika kwamba mwenyekiti wa mtaa anakula pesa za walinzi wa lango. Nilikuwa namwandikia mume wangu, ikaenda kwenye kundi la mtaa. Nimeifuta lakini bado wanaijadili.* — Kileleshwa

Ulifuta kwako peke yako, mama, kwa hiyo wewe ndiwe pekee usiyeiona. Hata ungeifuta kwa wote, kuna aliyeshaipiga picha kwenye skrini yake. Ndiyo maana siusifu sana ule ujumbe unaojifuta baada ya saa 24, siku 7 au siku 90: kidole cha jirani kina kasi kuliko saa 24. Kundi la Facebook la Kilimani Mums lilikuwa na bawabu mlangoni, na bado maungamo yake yalitembea Twitter. Sasa mwombe mwenyekiti hesabu za walinzi, mradi umeshaanza.

*Vipi shangazi? Nilichapisha karatasi za KRA kwenye saiba moja hapo Moi Avenue, nikafungulia WhatsApp kwenye kompyuta yao. Tangu hapo mhudumu huniuliza kama nimerudiana na yule wa Rongai.* — Kangemi

Uliondoka, hukutoka. Fungua WhatsApp, tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa, ukate kila usichokitambua. Nusu ya mji huu imeacha kitambulisho, cheti cha ndoa na mapenzi yake kwenye kompyuta za saiba kila Juni marejesho ya kodi yanapokaribia mwisho. Beba faili kwenye flashi, na likishachapishwa lifutwe ukiwa umesimama hapo. Mhudumu akinuna, anune.

Na umerudiana naye? Nauliza kikazi.

*Shangazi, mke wangu anajua nilikuwa matangani Limuru. Kilabu fulani cha Ngong Road kimeweka picha yangu mtandaoni nikicheza, na shemeji ameirusha kwenye kundi la familia. Sheria inanilinda?* — Mfiwa, Dagoretti

Inakulinda kuliko unavyostahili. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na ina meno. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, iliitoza Casa Vera Lounge, ya huko huko Ngong Road, shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Roma School ya Uthiru ikatozwa 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziruhusu. Kwa hiyo kilabu chako kishtaki, malalamiko hupokelewa bila malipo.

Shemeji ndiye taabu. Sheria hiyo imeyaacha kando mambo ya binafsi na ya nyumbani, na kundi la familia ni nyumbani hasa. Kwa mkeo hakuna kamishna. Nenda ukamwambie ukweli kabla shemeji hajaipata video.

Wasomaji, barua za wiki ijayo zije kwa posta. Msiniongeze kwenye kundi lolote. Nimeshafunga hilo kwenye mipangilio ya faragha, na nanyi mfunge.