Anza na Mtungi: Jinsi ya Kuwapandisha Watu Kumi Chyulu na Kuwashusha Wote Kumi

Safari ya kundi huvunjikia kwenye simu kabla gari halijawashwa. Jumatatu mtu huandika kwamba twende Chyulu tukalale mahemani. Jumanne kila mmoja ameandika "mimi nimo". Jumatano wanabishana kuhusu rangi ya fulana. Ijumaa inafika na hakuna aliyeuliza maji yatatoka wapi, ilhali hilo ndilo swali la kwanza, na asiyeliuliza hafai kuwa mwenyekiti wa safari hata kama wazo lilikuwa lake.

Chyulu ni mlolongo wa vilima vya volkano wenye urefu wa karibu kilomita 100, mpakani mwa Makueni na Kajiado, na kilele chake kinafika mita 2,188. Kwa umri wa milima hivi ni vichanga, kwani lava ya mwisho ilimwagika katikati ya karne ya 19. Asubuhi ukungu hulala juu yake, msitu ni wa kijani, nyasi zinafika kiunoni, nawe utaapa kwamba kijito kiko nyuma ya kilima kinachofuata. Hakipo. Mvua ikinyesha Chyulu hunywewa palepale na majivu na mawe yenye matundu, ikapita chini kwa chini hadi kuibuka mbali kwenye chemchemi, kubwa kuliko zote ikiwa Mzima, ambako bomba limekuwa likiwapelekea watu wa Mombasa maji tangu miaka ya 1950. Ukiwa kambini juu ya mgongo wa Chyulu umekanyaga maji ya Mombasa, na huna hata ya kupigia mswaki.

Kwa hiyo panga safari kuanzia kwenye mtungi. Mtu mmoja anahitaji angalau lita tano kwa siku za kunywa na kupikiwa, kabla hajanawa uso. Watu kumi kwa siku tatu ni lita 150. Ongeza za sufuria, za rejeta itakayochemka kwenye mwinuko, na za mtungi utakaopigwa teke usiku na mtu anayetafuta viatu. Hapo umefika mitungi kumi ya lita ishirini, yaani kilo 200, uzito wa watu watatu wazima. Ukweli huu ndio unaoamua idadi ya magari, wala si nani anataka kukaa karibu na nani. Magari mawili yaliyojaa watu hayana nafasi ya maji. Chukua matatu. Na usiende kamwe na gari moja, hata mkiwa wanne, maana gari lililokwama huvutwa na gari, halivutwi na maombi.

Baada ya maji ni pesa, na hapa sitazunguka. Mchagueni mweka hazina mmoja mwenye roho ngumu. Awape watu siku moja ya mwisho ya kutuma kwa M-Pesa, na ambaye hajatuma siku hiyo asihesabiwe kwenye mitungi. "Nitatuma jioni" si malipo. Tangu jadi kwenye harambee kuna wanaoahidi kwa sauti na wanaotoa kwa mkono, na maji ya kambini hununuliwa na hawa wa pili. Mtu akiachwa kwa ajili ya hili atanuna kwa wiki moja. Akienda bila kulipa, wenzake watanuna mlimani, mahali ambapo hakuna pa kumkwepa.

Magari nayo. Probox Ukambani hubeba kila kitu, kuanzia magunia ya ndengu hadi maharusi, na mwenye nalo ataapa kwamba limeshafika kote. Aambiwe kwa heshima aliache Kibwezi. Njia ya Chyulu inataka gari la juu, lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, kwa sababu majivu ya volkano huteleza yakilowa na humeza gurudumu yakikauka. Kila gari libebe spea mbili, maana mwiba wa mgunga hupita kwenye tairi kama sindano kwenye leso. Beba ubao mpana wa kuweka chini ya jeki, la sivyo jeki itazama ardhini na gari litabaki palepale. Mkiingia kwenye mchanga punguzeni upepo wa magurudumu kabla ya kukwama, na muwe na pampu ya kuurudisha. Na jeki yenyewe ijaribiwe nyumbani, mchana, na dereva mwenyewe, wala si na fundi wake.

Sasa tarehe, nayo huamuliwa na njia. Kundi linalotoka Kitui leo linashuka kwa lami kupitia Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi, likivuka mto Athi njiani. Linalotoka mji wa Wote linapita Kathonzweni na kutokea Makindu. Barabara hizi kuu zimewafanya watu wasahau mito. Ila wapo wasioridhika na lami, wanaotaka kukata njia za ndani ili picha zitoke vizuri, na huko ndani mito ya Ukambani ni ya mchanga. Miezi mingi Tiva, Thua na Kaiti ni barabara nyeupe isiyo na tone. Kisha mvua inanyesha kwenye vilima vya juu, mbali na macho yako, na maji yanashuka chini ya mbingu isiyo na wingu. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo wakulima wa hapa wanazozitegemea zaidi, na ndizo msafiri anapaswa kuzipisha. Nenda Januari na Februari, au kati ya Julai na Septemba.

Likizo ya Desemba itakuvuta, najua, maana ndipo ndugu wote wako nyumbani. Tarehe 4 Desemba 2021, karibu na Mwingi, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia mto Enziu ukiwa umefurika, watu wakitazama kutoka kingoni. Waliokufa walizidi 30. Maji ya mto wa mchanga ni ya kahawia, huoni sakafu, na sakafu yenyewe inatembea. Yanayofika magotini yanatosha kulisukuma gari pembeni. Wekeni sheria moja kabla ya kuondoka: yeyote ndani ya gari akisema tusivuke, hatuvuki. Hakuna kura, hakuna kumcheka, hata aliyesema awe mtoto wa darasa la nne. Mto wa namna hii mara nyingi hupungua baada ya saa chache. Kaeni kando, pikeni chai, subirini.

Mto ukiwa mkavu una adabu zake pia, na hapa ndipo wageni wengi huharibu. Usiendeshe gari kuufuata mto kwenye mchanga wake, hata kama unaonekana kama uwanja uliotengenezwa kwa ajili ya gari lako jipya. Tazama vizuri utaona duara la matawi ya miiba. Ndani yake kuna shimo lililochimbwa kwa mkono, kina cha mtu mzima au zaidi, na chini kabisa maji yanachuja polepole kutoka kwenye mchanga, yakijaa kiasi cha kata moja, yakisubiriwa, yakijaa tena. Mama aliyeinama humo anajaza mtungi mmoja kwa muda ambao wewe ungemaliza kifungua kinywa. Punda wake amesimama juu na mitungi yake minne, miwili kila ubavu, na wa nne bado mtupu. Matawi yale ni ya kuzuia ng'ombe wasikanyage na kuchafua. Hayawezi kuzuia gari lenu.

Mahali pengine utakuta ukuta wa zege umekatiza mto. Hilo ni bwawa la mchanga. Vikundi vya wanavijiji vya Machakos, Makueni na Kitui vimeyajenga kwa miaka mingi, vikibeba mawe na kokoto kwa mikono. Ukuta hukaa juu ya mwamba, mafuriko huleta mchanga na kuujaza nyuma yake, na maji hubaki ndani ya mchanga, yakifichwa jua, hadi kiangazi. Usipite na gari juu ya ukuta huo. Usioshe gari hapo, usinawe miguu hapo, na usijaze mitungi yenu hapo kwa sababu tu ni bure. Ukipungukiwa kweli, mwamkie mwaitu, yaani mama, uliyemkuta, muulize, na umlipe bei ya maji ya mjini bila kupunguziwa. Mchanga huo wenyewe ni mali: Makueni ilitunga sheria ya kaunti mwaka 2015 ya kuulinda dhidi ya malori, kwa kuwa mchanga ukiondoka, maji yanaondoka nao.

Kundi la Wote lisipite Makindu bila kusimama. Hekalu la Masingasinga la mwaka 1926 liko kando ya barabara ya Mombasa, na msafiri yeyote, wa dini yoyote, hukaribishwa chakula na chai bila malipo. Vua viatu, funika kichwa, acha sigara na chupa kwenye gari, chukua chakula utakachokimaliza, na utoe sadaka ukitoka. Mkiwa kumi ingieni kwa utulivu. Ni nyumba ya ibada, na ukarimu wake umedumu miaka karibu mia kwa sababu wageni wengi wamejua hivyo.

Kibwezi ndiyo jiko na benki yenu ya mwisho. Jazeni mafuta, lipeni ada za hifadhi kwa eCitizen mtandao ukiwa bado una nguvu, kisha mwachieni mtu wa nyumbani jina la kambi na saa ya kurudi. Lango la Kithasyo liko upande huu. Waulizeni askari wa hifadhi wa KWS hali ya njia, na wakisema gari fulani halipandi, halipandi.

Baada ya lango, wale waliokuja kwa hamu ya kuacha njia wataumia kidogo: ndani ya hifadhi hairuhusiwi. Na hata isingekatazwa, Chyulu ingekufunza. Chini ya vilima kuna mapango marefu yaliyoachwa na lava, moja likiitwa Leviathan, lenye zaidi ya kilomita 10. Paa la pango likiporomoka huacha shimo, na nyasi hulifunika shimo. Gari linaingia, mtu anaingia. Usiku hakuna kutembea nje ya kambi, kwanza kwa sababu ya mashimo, kisha kwa sababu ya nyati na ndovu, ambao hawakualikwa na hawahitaji mwaliko.

Watu wa Kitui, ninawasihi, bebeni masweta. Joto la nyumbani haliwafuati hadi juu. Aliyekuja na shuka moja atazunguka mahema saa nane za usiku akiomba blanketi, na kutakapopambazuka, mawingu yakifunguka na Kilimanjaro ikisimama mbele ya wenzake, yeye ndiye atakayekuwa amelala.

Moto ni jambo la kuapiwa. Nyasi za kiangazi Chyulu huwaka, na msitu unaoungua ndio unaokamata ukungu unaokuwa maji. Pikeni kwa meko ya gesi. Moto wa kuota uwe pale tu askari wameruhusu, na uzimwe kabisa hadi mkono uweze kukaa juu ya majivu yake. Msinunue magunia ya makaa njiani "kwa sababu ni rahisi". Kitui ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2018 chini ya Gavana Charity Ngilu, baada ya watu kuona vilima vyao vikiondoka kwa malori. Mlitoka kwenda kuona miti.

Nyoka: kung'uta viatu kila asubuhi, tumia tochi kila usiku, usitie mkono chini ya jiwe au gogo usikoona. Mtu akiumwa, asikatwe kwa wembe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukaza. Mvue pete na saa, mlaze atulie, funga kiungo kwenye ubao kisitikisike, na gari liondoke mara moja kwenda hospitali. Gari hilo lichaguliwe tangu siku ya kwanza, na lisizibiwe njia na mengine. Dereva wake asinywe pombe. Atalalamika. Mpikieni vizuri.

Kuhusu kupika, muthokoi ni chakula cha heshima, lakini huchemka saa nyingi na hunywa maji kama punda aliyetoka Ikutha. Uchemsheni nyumbani, ukafike ukiwa tayari. Ndengu vilevile. Chapati zipikwe siku ya kuondoka. Na lazima atatokea mtu wa kusema kwamba safari bila mbuzi si safari. Mbuzi anataka kisu, moto mkubwa, maji ya kuosha na mahali pa kutupa matumbo, na harufu yake itawaita fisi. Mwambieni mbuzi yupo, na amewekwa mahali pake: Kibwezi, siku ya kushuka, kwa mwenye bucha anayejua kazi yake.

Takataka zote zishuke nanyi, hata maganda, kwani nyani akizoea mahema hawaachii watakaokuja baadaye. Mkifika Kibwezi hesabuni watu, mahema na mitungi. Asali ya wafugaji nyuki wa hapo inunuliwe sasa, pesa zikiwa bado mfukoni. Kisha mweka hazina asimame asome hesabu yote kwa sauti, kilichoingia na kilichotoka, na salio ligawanywe hapohapo kwa simu. Afanye hivyo kabla sinia halijaletwa mezani, kwa sababu nyama ikishafika hakuna atakayemsikiliza.